RAM inasaidia, ila mafundi mpime kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizofunguliwa, kwenye laptopu ni kutupa hela. Nina duka la steshenari Mwanga, hapa Kigoma. Laptopu yangu ilikuwa na RAM ya GB 4. Asubuhi ilikwenda vizuri, lakini nikishafungua Word, WhatsApp na kurasa sita za Chrome za maombi ya mikopo ya wanafunzi, inakwama. Mteja amesimama kaunta, gari lake la Kasulu linaondoka. Inauma sana.

Mwezi uliopita fundi alinichomekea GB 4 nyingine kwa shilingi 45,000. Siku hiyohiyo niliona tofauti: nahama ukurasa hadi ukurasa bila kusubiri. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski ile ya kuzunguka ni ya polepole mno. Kuwaka, hata hivyo, bado inachelewa kama zamani. Hilo ni la diski, na dawa yake ni SSD, diski ya kasi isiyozunguka.

Mafundi wetu, nawasihi: kabla ya kuuza RAM, mfungulieni mteja Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha RAM iliyotumika, huku programu zake zote ziko wazi. Ikiwa RAM imetumika nusu tu, mwambieni haihitaji nyingine. Jirani yangu, mwalimu, aliuziwa RAM ya aina ya DDR4 ilhali laptopu yake ni ya aina ya zamani, DDR3. Haiingii hata kidogo, na hela hakurudishiwa. Laptopu nyingine nyembamba RAM imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki kamwe. Mteja aambiwe kabla hajatoa pesa.

Mwenye steshenari,
Mwanga, Kigoma