Kumbukumbu za visima vyetu ziunganishwe na potali, zisinakiliwe na kutupwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa nje linaonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, ilhali linamgusa kila anayechota maji kijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Taasisi moja ya hapa kusini, ambayo niliitumikia kama mtunza kumbukumbu kwa miaka 15 kabla ya kustaafu, inajenga potali, yaani tovuti ya pamoja, ambamo ofisi za wilaya, mafundi pampu na kamati za maji wataingia kwa kivinjari, hata kile cha simu, wakatazame taarifa za visima na kuripoti hitilafu. Kazi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachopinga ni uamuzi wa kuijaza potali kwa kunakili kanzidata ya zamani, yaani hifadhi ya taarifa ya kompyuta, kwenye lahajedwali (jedwali kama la Excel) mara moja tu, kisha kuizima seva yake, kompyuta inayoihifadhi. Naomba kanzidata ile iunganishwe na potali ikiwa hai.

Kanzidata hiyo iliundwa katika Lotus Notes, programu ya kuhifadhi na kushirikishana nyaraka ambayo vijana wengi wa fani hii hawajawahi kuiona. Ilianza kubuniwa mwaka 1984 katika kampuni ya Iris Associates iliyoanzishwa na Ray Ozzie, ikaingia sokoni mwaka 1989, IBM ikainunua pamoja na kampuni ya Lotus mwaka 1995, na tangu 2019 inamilikiwa na kampuni ya HCL ya India. Seva yake ndiyo inayoitwa Domino. Nayataja haya kwa sababu nimeshasikia ikisemwa vikaoni kwamba programu hiyo ilikufa zamani na hakuna tena anayeitengeneza. Toleo la 14 la Domino lilitoka Desemba 2023, na faili zilizoundwa katika matoleo ya miaka mingi nyuma bado hufunguka humo. Kwa hiyo tusiharakishwe na hofu ya kifo ambacho hakijatokea.

Ugumu wa kuhamisha kumbukumbu hizi unatokana na jinsi zilivyohifadhiwa. Katika kanzidata za kawaida taarifa hukaa kwenye majedwali, kila safu na kila mstari mahali pake. Katika Lotus Notes kila waraka hubeba visanduku vyake wenyewe. Waraka wa kisima kimoja unaweza kuwa na visanduku kumi tu, kina, tarehe ya kuchimbwa, aina ya pampu na kadhalika. Waraka wa kisima cha jirani unaweza kuwa na arobaini, kwa sababu fundi wa wilaya ile alikuwa na bidii ya kuandika. Chini ya waraka wa kisima hutundikwa taarifa ya hitilafu, chini ya taarifa hutundikwa jibu la fundi, na chini ya jibu huja barua ya kamati ya maji, mfano wa mzazi, mtoto na mjukuu. Kinachowaunganisha ni namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 32 ambayo waraka huipata siku unapoundwa, na ambayo haibadiliki hata nakala ya kanzidata ikiwa Newala, Nachingwea au Kilwa. Ukizihamisha nyaraka bila kuzichukua namba hizo, umeuvunja ukoo mzima.

Hilo nililiona kwa macho yangu mwaka jana, nilipoitwa kusaidia katika majaribio ya uhamishaji. Orodha ya visima ilitoka vizuri na wote tulifurahi. Taarifa za matengenezo zilitoka katika lahajedwali la pili, zikiwa yatima, bila kuonesha ni ya kisima kipi. Nikatafuta kisima kimoja cha kijiji cha pwani ambacho nilikikumbuka. Kwenye safu ya hali yake paliandikwa kwamba kinafanya kazi, na kwa hakika pampu yake ilikuwa ikivuta maji. Lakini katika waraka wa asili, kwenye sehemu ya maelezo marefu ambamo mtu anaweza kuandika, kubandika picha na kuambatisha faili, fundi alikuwa ameeleza kwamba maji yale huwa ya chumvi kila kiangazi na wanakijiji walishaacha kuyanywa, akabandika na mchoro wa mahali alipopendekeza pachimbwe upya, upande wa bara. Uhamishaji ulichukua mistari michache ya mwanzo ya maelezo hayo na kuacha mengine yote, mchoro ukiwemo. Wakati huo huo mpango wa kupeleka pampu mpya kwenye kisima kile kile ulikuwa umeshaandikwa. Ulisimamishwa kwa sababu nilikumbuka. Je, visima ambavyo sivikumbuki?

Yapo pia makosa madogo ambayo hayapigi kelele. Kata ya Ng'apa, pale Lindi, ina alama ya ritifaa katika jina lake. Katika nyaraka za zamani alama hiyo iliandikwa kwa namna mbili au tatu, iliyonyooka na iliyopinda, na programu ya uhamishaji ikaigeuza mojawapo kuwa alama isiyosomeka, hata mtu akitafuta Ng'apa anapata nusu tu ya visima vya huko. Tarehe nazo zilirudi nyuma siku moja. Sababu yake ni rahisi ukishaijua: programu ilizigeuza tarehe kuwa za saa za Greenwich, na saa 6 usiku kwa saa zetu ni saa 3 usiku ya siku iliyotangulia huko, kwa kuwa tumewatangulia kwa saa 3. Siku moja si kitu katika umri wa kisima, lakini ni kitu kikubwa katika kipimo cha maji kilichopelekwa maabara au katika malalamiko yenye kikomo cha siku.

Potali yenyewe haihitaji kuwa ghala. Ukurasa wake ni baraza ambalo kila kidirisha kinaweza kuleta habari kutoka chanzo chake: kimoja ramani, kingine akaunti za malipo, kingine kanzidata ya visima. Seva ya Domino imekuwa na uwezo wa kujibu maombi ya kivinjari tangu 1996. Ukiiandikia anwani ya orodha fulani ikifuatwa na amri ya ReadViewEntries, hukupa orodha ile katika muundo wa XML, namna ya kupanga taarifa katika maandishi, ambao programu yoyote ya potali inaweza kuusoma na kuupanga upya kwa sura inayopendeza. Zipo pia njia za kuingia kwa programu zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java, na matoleo mapya yana huduma zinazojibu kwa JSON, muundo mwingine wa kupanga taarifa ambao vijana wanaojenga potali wameuzoea. Nyaraka hubaki zilipo, viambatisho hubaki vilipo, na ile namba ya herufi 32 huwa ndiyo kiungo cha kudumu kati ya kidirisha na waraka. Fundi akibonyeza jina la kisima akiwa Tandahimba, aone waraka wenyewe pamoja na watoto na wajukuu wake.

Sehemu ngumu, na hapa naomba wahandisi wanisikilize kwa makini, ni haki za kusoma. Katika Lotus Notes waraka mmoja mmoja unaweza kuwekewa majina ya wanaoruhusiwa kuusoma, na asiyeruhusiwa haoni hata kwamba upo. Tulitumia uwezo huo kwa malalamiko ya fedha za kamati za maji, kwa sababu mama anayesema mweka hazina wa kijiji chake amekula michango anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa mweka hazina huyo. Njia ya mkato inayotumiwa katika kuunganisha mifumo ni kuipa potali akaunti moja yenye uwezo wa kusoma kila kitu, kisha kuiachia potali iamue nani aone nini. Njia hiyo ni ya hatari. Kosa dogo katika ukurasa mmoja linatosha kulianika jina la yule mama mbele ya kijiji kizima. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika nchini, na hata kabla ya sheria tulikuwa na ahadi tuliyompa yule mama. Mtumiaji wa potali atambulishwe kwa seva ya Domino kwa jina lake mwenyewe, na seva ndiyo iamue. Ili hilo liwezekane, majina katika daftari la watumiaji wa potali lazima yaoanishwe na majina ya Lotus Notes, ambayo huandikwa kwa mtindo wake wa kutaja mtu, idara na taasisi. Ni kazi ya kukaa na daftari na kulinganisha jina kwa jina, na anayeifanya awe mtu anayewafahamu watumishi.

Nakiri kwamba njia hii ina gharama yake ya kasi. Orodha yenye nyaraka nyingi zilizofichwa huwa nzito, kwa kuwa seva hulazimika kuupima kila waraka kabla ya kumwonesha msomaji. Ushauri wangu ni kwamba taarifa za wazi, yaani mahali kisima kilipo, kina chake, hali ya pampu na ubora wa maji, zinakiliwe kila usiku kwenye kanzidata ya potali ili zisomwe haraka, na nyaraka zenye mipaka ya usomaji ziendelee kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye chanzo. Kunakili kila usiku ni tofauti kabisa na kunakili mara moja na kuzima.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Dar es Salaam wanaweza kulisahau, lakini sisi hatuwezi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifuatiwa na mafuriko yaliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na tarehe 12 ya mwezi huo huo nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika, mtandao ukayumba nchi nzima. Lotus Notes ilibuniwa wakati ofisi zilikuwa zikiunganishwa kwa simu za mezani kwa dakika chache kwa siku, ndiyo maana kila ofisi huweza kuwa na nakala kamili ya kanzidata, ikaendelea kufanya kazi bila mtandao, na nakala zikalandanishwa mawasiliano yanaporejea. Potali ya kivinjari haina uwezo huo kwa asili yake. Mtandao ukikatika, ukurasa ni mweupe. Mpaka potali ipate namna ya kufanya kazi bila mtandao, kuzima seva ya zamani ni kuinyang'anya ofisi ya wilaya daftari lake siku ile ile inapolihitaji kuliko siku zote, siku ya mafuriko, maji ya visima yanapochafuka.

Mikoa hii imepitia miradi mingi ya maji, kuanzia ile iliyofadhiliwa na Finland tangu miaka ya 1970, na uzoefu wake mwingi uliishia kwenye makabati yaliyoliwa na mchwa. Safari hii kumbukumbu zipo, zinasomeka, na waliozijaza wengi wao bado wako hai.

Ninayaomba mambo mawili kwa viongozi wa taasisi ninayoizungumzia, ambao naamini watajitambua wakisoma barua hii. Uzimaji wa seva uahirishwe mpaka zichaguliwe nyaraka mia mbili kwa kura, kutoka kila wilaya, na kila moja ifunguliwe katika mfumo wa zamani na katika potali, zikilinganishwa neno kwa neno, kiambatisho kwa kiambatisho, msomaji kwa msomaji. Na kazi hiyo wapewe watunza kumbukumbu na mafundi pampu wakikaa pamoja na wahandisi wa kompyuta. Mimi niko tayari kuja kila siku ya kazi bila malipo, na wapo wenzangu watatu wastaafu tuliokwisha kuzungumza ambao wako tayari vilevile.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Mtwara