Bibi anayelea wajukuu asingoje pesa ya wazee mpaka afike miaka 80

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niseme kidogo kuhusu hawa bibi zetu, kina jaja, wanaolea wajukuu peke yao. Kila mwaka tarehe 1 Oktoba siku ya wazee inafika, hotuba zinasomwa, sabuni na sukari zinagawiwa, picha zinapigwa, alafu kesho yake bibi anarudi kwa jembe lake na hakuna hata mtu wa kupita kumuuliza umeamkaje, watoto wamekula?

Mimi nakaa Oli, hapa Arua. Zamani ukiona mzee na kundi la watoto wadogo ulikuwa unajua tu ni ukimwi, maana tangu ule ugonjwa uonekane kule Kasensero, Rakai, mwaka 1982, kuna wazee Uganda hii walizika watoto wao karibu wote wakabaki na wajukuu. Hao bado wapo. Lakini sa hizi wazazi wengi wa watoto wanaolelewa na bibi wako hai, mama yuko Saudia anafanya kazi za nyumba za watu, baba yuko Juba na biashara, mwingine alienda Kampala na simu yake haipatikani. Na kuna wale watoto wa korona. Shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa Januari 2022, karibu miaka miwili, wasichana wengi wakapata mimba nyumbani, alafu yule aliyebahatika kurudi darasani alimwachia nani mtoto? Alimwachia bibi. Hao watoto ndo hawa wanaanza shule sasa, wanataka daftari, sare na uji.

Kwenye mtaa wetu kuna mama mmoja mzee, sisi wote tunamwita Haboba, ana wajukuu wanne. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri kuwasha moto, magoti yamemvimba kiasi kwamba akitaka kusimama anashika kwanza mlango, kisha bega la mjukuu mkubwa, ndo anainuka. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka ambao Obote alimtoa Kabaka, mfalme wa Buganda, 1966, hilo hasahau, anakuhadithia mpaka mvua ya siku ile. Na mwaka 1979 baada ya Amin kuanguka, watu wa huku walipokimbilia Kongo na Sudani, alivuka mpaka na mtoto mgongoni na wengine wanamfuata kwa miguu. Sasa chukua kitambulisho chake cha taifa usome. Kimeandikwa amezaliwa 1958! Yaani alizaa akiwa na miaka minane? Aliyekuwa anaandikisha alimwangalia tu usoni akakadiria, naye Haboba hajui kusoma, akaweka kidole gumba na mambo yakaisha hivo.

Kosa dogo kwa karatasi, lakini ona linavyomla. Pesa ya wazee ya serikali, ile ya SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Programu ilianza 2010 kwa wilaya chache, jirani zetu wa Nebbi walikuwa kati ya wa kwanza, na wakati ule mzee wa miaka 65 alikuwa anaingia, Karamoja hata wa 60. Ilipopelekwa nchi nzima umri ukapandishwa mpaka 80. Kwa kitambulisho chake Haboba atafika 80 mwaka 2038, na wakati huo mjukuu wake wa mwisho atakuwa mtu mzima na ndevu. Hata wale ambao vitambulisho vyao viko sawa, sensa ya 2024 imetuambia Mganda anategemewa kuishi miaka 68 hivi, sasa huyu wa 80 tunamtafuta wapi? Bibi analea akiwa na 58, na 65, na 70, wakati bado anaweza kubeba mtoto. Naomba wabunge wetu wa West Nile wakisimama kwenye bajeti walisukume hili, umri urudi 65, na bibi mwenye wajukuu ndani ya nyumba aangaliwe kwanza.

Kuna watakaoniambia mbona PDM ipo, ule mpango wa serikali wa mikopo kwa parishi. Ni kweli ipo, tangu Februari 2022, milioni 100 kwa kila parishi, milioni moja kwa nyumba, na asilimia 10 imewekwa kwa wazee. Nasifu hilo. Ila ile ni mkopo, inarudishwa na riba ya asilimia 6, na inataka uwe kwenye kikundi, uhudhurie mikutano, uwe na mradi na nguvu ya kuufuata. Haboba akichukua milioni anunue mbuzi, nani atawachunga? Mjukuu wa P4, darasa la nne? Basi ataacha shule kwa ajili ya mbuzi, na tutakuwa tumemsaidia nani hapo.

Ndo maana nasema upungufu mkubwa kwa hizi nyumba ni watu, hata kuliko pesa. Mkono mmoja haulei mwana, wahenga walishasema, na mkono wenyewe huu unatetemeka. Mvua ya kwanza ikinyesha nani anamlimia? Mtoto akichemka na malaria saa nane usiku nani atampigia boda na kwenda naye mpaka hospitali? Mwalimu mkuu akiita mkutano wa wazazi nani anaenda? Shule za UPE, hizi za msingi za serikali, ada hakuna tangu 1997, lakini sheria ya elimu ya 2008 imeacha chakula juu ya mzazi, kwa hiyo shule inaomba mchango wa uji, bibi hana, na mtoto anarudishwa nyumbani saa nne asubuhi akiwa na njaa na aibu. Nimewaona kwa macho yangu wakirudi wawili wawili, hawachezi njiani.

Sisi karibu wote hapa tuko kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, kila wiki tunatoa hisa, na pembeni tunatia kidogo kwenye mfuko wa jamii. Huo mfuko tunautumia kwa nini? Matanga. Mtu akifa tunanunua sanda, mchele, turubai, tunafanya vizuri sana. Mimi naomba sehemu ya huo mfuko iende kwa bibi akiwa hai, ilipe mchango wa uji wa shule kwa muhula mzima, na vijana wa kikundi watoe Jumamosi moja ya kulima na nyingine ya kupalilia. Kila kikundi kichukue nyumba moja. Imamu na mapadre wanajua nyumba zote, waulizwe.

Na tusiwafanyie wazee mambo bila kuwauliza. Kule Kanungu kuna Nyaka, iliyoanzishwa 2001 na Twesigye Jackson Kaguri kwa shule ya yatima, baadaye wakaunda vikundi vya bibi wenyewe, wanachagua viongozi wao na wanaamua wenyewe nani ajengewe nyumba kwanza, nani choo, nani jiko. Bibi anajua nyumba ya mwenzake inavuja wapi, ofisa anayekuja na gari hajui.

Kuna jirani aliniambia ukisaidia hivi utawafundisha wazazi kutupa watoto. Nimefikiri sana hilo neno na sikubaliani nalo, kwa sababu mtoto ashaachwa, ana njaa leo. Kwa mzazi tutamtafuta tukiwa tayari tunamlisha mtoto wake. Na nyinyi mlioko Saudia na Juba, najua wengine mnatuma, kazi yenu ni ngumu na hamko huko kwa raha, lakini mnatuma kwa simu ya mjomba au kijana wa jirani na inafika nusu. Mnunulieni mama kitochi na laini yake, mjukuu mmoja anayejua kusoma amsomee meseji, na pigeni simu mwongee na watoto wenu, wanawauliza.

Wa mwisho niwataje mababu, maana wapo nao, wachache, na wanaona haya kuomba hata chumvi.

Kikundi chetu kinakutana Jumapili na jambo hili nitalileta mezani, tuanze na nyumba ya Haboba kisha tumtafutie barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, ya kuanza kurekebisha ule mwaka wa 1958. Vikundi vya Mvara, Ediofe na Awindiri, na nyinyi chagueni nyumba moja moja kabla mvua haijaanza.

Mkazi wa Oli,
Arua