Mtoto Asiyekunywa Maji: Wito wa Harambee ya Choo cha Shule Yetu, Mbagala

Ndugu wazazi, majirani, na wanafunzi wetu wa zamani mlioko kila kona ya jiji, salaam.

Tunaandika mkono ukiwa mzito. Tulipoomba madawati mkatoa. Tulipolilia ukuta, mlileta saruji mpaka ikabaki. Tulitamani tukae muda kabla ya kuwapigia hodi tena, lakini jambo hili halisubiri masika yapite.

Tuna binti wa darasa la tano anayetumia kitimwendo. Tangu anapoingia getini saa moja asubuhi hadi anaporudi nyumbani saa tisa, hagusi maji. Hata uji wa saa nne anauacha. Tulidhani haupendi. Mwalimu wake alipokaa naye faragha ndipo akaeleza: choo chetu kina ngazi tatu, akitaka kwenda lazima abebwe na wenzake wawili, na mara mbili wameanguka naye. Basi akaona bora asinywe. Mwaka huu ametibiwa ugonjwa wa njia ya mkojo mara tatu. Mama yake, muuza vitumbua, hakuwahi kuja kulalamika. Joto la Dar mnalijua. Mtoto amekaa nalo darasani na koo kavu, na sisi wanakamati tunapita mbele ya choo kile kila siku. Tunaona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyo.

Wiki ile mwalimu alilisimulia darasa habari za Anne Wafula Strike. Huyu alizaliwa Kenya, akapata polio akiwa mdogo, na majirani wakaamini ni laana. Akasoma, akawa mwalimu. Mwaka 2004 aliiwakilisha Kenya katika Paralimpiki ya Athens, mbio za vitimwendo, kisha akahamia kuichezea Uingereza. Desemba 2016 alikuwa safarini kwa treni huko Uingereza. Choo cha watu wenye ulemavu hakikuwa kinafanya kazi, na mwanariadha huyo, mama mtu mzima, akajikojolea. Angeweza kuificha fedheha ile. Hakuificha, mwanzoni mwa 2017 alijitokeza hadharani akasimulia yote, ili mwingine yasimkute, na kampuni ya treni ikamwomba radhi.

Binti yetu alisikiliza, kisha akauliza kama yule mama hakuona aibu kusema. Mwalimu alimjibu kwamba bila shaka aliona, na akasema hivyo hivyo. Kesho yake binti alikwenda mwenyewe ofisini kwa mwalimu mkuu, akaomba choo. Hakujiombea peke yake. Aliwataja na wenzake watatu, mmoja wa darasa la kwanza anayetembelea magongo. Wito huu umeanzia hapo.

Fundi ameshapima. Mbagala maji ya ardhini yako juu, ndiyo maana choo kiliinuliwa, na hatuwezi kukishusha. Sakafu iko sentimita 45 kutoka chini. Ili mtoto ajisukume mwenyewe bila kurudi kinyumenyume, kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, hivyo mteremko wetu utakuwa wa mita 5 na nusu hivi. Milango ya sasa ina sentimita 60, kiti hakipiti, tunataka 90. Ndani iwepo nafasi ya mita moja na nusu ya kugeuzia, choo cha kukaa, vyuma vya kushikilia ukutani, na simtanki ya lita 2,000. Matundu mawili, la wasichana na la wavulana.

Yote ni shilingi 9,400,000. Mkononi tuna 3,150,000, na humo zimo 50,000 za mama wa vitumbua, ambaye tulimwambia asitoe akakataa. Bado 6,250,000. Ruzuku ya shule inaishia kwenye chaki na mitihani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo kama yetu yafikike, na sisi hatutaki kungoja mtu atukumbushe.

Tuseme jambo moja kwa upendo. Mtaa huu kadi ya harusi ikija, mtu anaahidi laki moja na anailipa kabla ya kikao cha mwisho. Tumekula pilau nyingi kwa michango hiyo, Mungu azibariki ndoa zile. Safari hii tunaomba ahadi ya namna hiyo hiyo kwa watoto wanne. Mwenye elfu mbili alete, sadaka haina kipimo.

Kila shilingi itaandikiwa risiti. Mapato na matumizi yatabandikwa ubaoni nje ya ofisi ya mwalimu mkuu kila Ijumaa, na mhazini atayasoma kwenye kikao cha wazazi. Namba ya kulipia iko kwenye bango la getini. Usitume kwa namba nyingine yoyote, hata ukiambiwa ni ya kamati.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa tatu asubuhi, uwanjani. Shekhe na mchungaji wamekubali kutufungulia kwa dua na sala. Asiye na fedha aje na nguvu zake, kuna msingi wa kuchimba siku hiyo hiyo. Mchanga utamwagwa getini Ijumaa jioni, mwenye toroli aje nalo.

Kamati ya Shule na Mwalimu Mkuu
Mbagala, Dar es Salaam