Hiyo orodha ya skuli, nani kaihesabu?

Mhariri,

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka tu, hata mtoto hajamaliza kuisoma alama yake, orodha ishafika simuni: skuli za Lamu kuanzia ya kwanza hadi ya mkiani. Aliyeiandika hajulikani. Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kupanga skuli kwa nafasi mwaka 2014, lakini huku kwetu barazani kazi hiyo haijawahi kusimama.

Mimi nina kisa na orodha hizo. Mpwa wangu alisoma miaka mitatu katika skuli moja ambayo sitaitaja. Alipokaribia kuingia kidato cha nne, niliitwa ofisini, nikakaribishwa kiti vizuri, nikaambiwa, "Mjomba, huyu tafadhali msajilie kwengine, atatushusha." Hakuwa mtoro wala mtukutu. Hesabu ndizo zilizomshinda. Nikahangaika naye hadi akapata nafasi skuli nyengine. Akapata D+. Alama hiyo ikaandikiwa skuli iliyokaa naye mwaka mmoja, na ile iliyokaa naye miaka mitatu ikapiga vigelegele kwa wastani wake mzuri. Nilialikwa kwenye shukrani. Sikwenda.

Sasa tazama zinazokaa mkiani. Mwalimu anayefundisha Kisiwa cha Pate akiwa na shughuli Amu, mjini Lamu, husubiri maji yajae ndipo boti ipite. Yakipwa, kipindi cha asubuhi kimekwenda. Skuli za msingi za wodi ya Basuba zilifungwa baada ya mashambulizi ya 2014, watoto wa Waaweer, yaani Waboni, wakakaa nyumbani. Mtoto wa huko aliyejikokota hadi kidato cha nne twampima kwa kipimo kimoja na wa mjini mwenye mwalimu wa ziada kila jioni!

Kama lazima tupange, basi tupange kwa haki. Walio sekondari za 8-4-4, ule mfumo wa elimu unaomalizika, hivi sasa wote walifanya KCPE, mtihani wa kumaliza skuli ya msingi, na wa mwisho wao, wa mwaka 2023, watakaa KCSE 2027. Alama walizoingia nazo zipo. Ofisi ya elimu ya kaunti izibandike ukutani pamoja na walizotokea nazo. Aliyeingia na 190 kati ya 500 akatoka na C, na aliyeingia na 390 akatoka na C+, ni yupi aliyefundishwa zaidi? Na pembeni iandikwe: walioingia kidato cha kwanza wangapi, waliokaa mtihani wangapi. Hapo ndipo baadhi ya wakuu wa skuli watakapotokwa na jasho.

Nawe Mhariri, orodha ya mwaka huu ikikufikia mezani, kabla hujaichapa waulize walioileta: wale waliopungua njiani walipelekwa wapi?

Mjomba wa mtahiniwa,
Langoni, Lamu