Risala ya vijana wa boda kwa mgeni rasmi: mtu akiomba kufungiwa asibeti, afungiwe kote

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa mtaa, wazazi wetu shikamooni, na wanakikoba wenzangu habari za mchana. Leo tunagawana hisa za mwaka mzima na tulipanga tukueleze mambo ya mikopo, ila tumekubaliana tuanze na hili la kubeti maana ndo linatumaliza.

Mheshimiwa, wenzetu wanne leo hawagawani kitu. Hesabu ya bosi mwenye pikipiki imeenda kwenye mkeka, yaani tiketi ya kubeti, rejesho la kikoba nalo limeenda kwenye mkeka, na mkeka wenyewe umechanika kwa timu moja tu dakika ya 90. Mmoja wao katuruhusu tumsemee bila jina. Aliamua basi inatosha, akaiambia kampuni aliyokua anabetia wamfungie akaunti na wakamfungia kweli, jioni hiyohiyo ikaingia meseji ya kampuni nyingine inamkaribisha na bonasi, akajisajili kwa laini ileile, pesa ikatoka kwenye simu ileile. Sisi kijiweni tukasema jamaa hana msimamo. Tulimuonea, maana yeye aliomba msaada ila aliyemsikia ni mmoja tu, wengine hawana habari.

Uingereza wana rejista moja inaitwa GAMSTOP, na tangu tarehe 31 Machi 2020 kila kampuni ya kubeti mtandaoni yenye leseni kule lazima ijiunge nayo, mtu anajiandikisha mara moja, anachagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, basi kote hapokelewi. Australia nao wana BetStop tangu Agosti 2023, ukitaka unajifungia hata maisha yako yote, na kampuni haziruhusiwi kukutumia matangazo.

Sasa sisi Tanzania tunashindwa nini? Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na pesa ya kubeti inapita kwenye simu. Tunakuomba utufikishie kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iwepo rejista moja ya namna hiyo na mitandao ya simu iunganishwe humo, mtu akishajifungia malipo yake ya kubeti yagome, na asiweze kujitoa usiku wa mechi kubwa mpaka muda aliochagua uishe.

Wapo wanaoogopa taarifa zao kuzagaa na hata sisi tunaogopa, hakuna anayetaka bosi mwenye pikipiki au mkopeshaji ajue. Kwa hiyo kampuni ikiuliza ijibiwe tu yupo au hayupo, basi, isijue kingine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo ya kumbana atakayezidisha.

Halafu kuna hawa madogo wa sekondari wanaobeti kwa laini za wajomba zao wakati hawajafika miaka 18, hao nao tunaomba wasisahaulike.

Yule mwenzetu amekaa hapo nyuma, anasema siku rejista ikifunguliwa atajiandikisha siku hiyohiyo. Naomba kuwasilisha.