Plau la zamani halijafa, ni diski na beringi

Mhariri, msimu unakaribia na huku Magu maplau mengi ya trekta yamekaa uani yanaota kutu, wenyewe wanasema yameisha, mi nasema mengi bado mazima. Fremu ya lile plau la zamani ni chuma kizito haswa, kinachoisha ni diski maana huu mchanga wetu wa luseni unasaga kama msasa, na diski ya inchi 26 ikishaliwa sana haizami tena vizuri, dereva anaongeza moto dizeli inakwisha bure. Kabla hujanunua mpya shika ukingo wa diski uitikise, ikicheza ujue beringi imelegea, fungua utoe grisi uiangalie, mara nyingi utakuta sili, ule mpira wa kuzuia uchafu, ndo imekufa na mchanga umeingia. Mafundi nao waache kuchomelea viraka kwenye diski, moto unaharibu ugumu wa chuma na inapasukia hapohapo pembeni.

Ila jamani wauza spea wa mjini! Diski zingine laini, kisiki cha kwanza tu imepinda, na bei ileile. TBS, wale wa Shirika la Viwango, wapite madukani kabla vuli haijaanza, Oktoba si mbali.

Mkulima, Magu