Usitume hela ya kioo kabla hujafungua laptopu

Mikindani, Mtwara

Ndugu yangu Selemani,

Salaam aleikum. Habari za Nachingwea, habari za shule na watoto? Sisi huku wazima, alhamdulillah.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ThinkPad T420 imeota mistari ya wima upande wa kushoto, na umeambiwa utume hela Kariakoo uletewe kioo. Hela usitume bado. Kioo cha laptopu hakiagizwi kwa jina la laptopu, kwa sababu modeli moja hutoka kiwandani na vioo vya aina mbili au tatu. T420 yenyewe ilitoka mwaka 2011 na vioo vya pikseli (nukta za picha) 1366 kwa 768, na vingine vya 1600 kwa 900. Cha kuagizia ni namba iliyobandikwa mgongoni mwa kioo chako, na hiyo huioni mpaka ufungue. Kikija kisichoingia, itabidi kipande basi kurudi Dar, na muuzaji akikuta karatasi ya juu imeshabanduliwa atakuwa na haki ya kukukatalia.

Kabla hata ya kufungua, hakikisha kioo ndicho kibovu. Chukua projekta ya shule, ichomeke kwenye tundu la VGA, kisha bonyeza Fn na F7 uchague picha itoke nje. Ikiwa ukutani picha ni safi, mazabodi (bodi kuu ya laptopu) ni nzima na tatizo liko ndani ya kifuniko. Mistari ikitokea na ukutani pia, achana na habari ya kioo, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Halafu washa mashine upya ukibonyeza F1 uingie kwenye BIOS (kurasa za mipangilio zinazofunguka kabla ya Windows): mistari ikiwepo hata humo, Windows haihusiki.

Baada ya hapo chezesha kifuniko polepole, mbele na nyuma, huku ukiiangalia ile mistari. Ikipotea na kurudi kadiri kifuniko kinavyosogea, mshuku waya unaopita kwenye bawaba, maana hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Waya bei yake ni ndogo kuliko kioo. Ikitulia palepale vyovyote utakavyochezesha, yaelekea ni kioo, na mistari ya namna hiyo kwa kawaida haitengenezeki: ule ukanda mwembamba unaopeleka mawimbi kwenye safu za pikseli umeachia ukingoni mwa kioo, na fundi wa mtaani hana mashine ya kuugandisha tena.

Mwenzako mwenye laptopu ambayo kioo chake kimekuwa cheusi kabisa mwambie amulike kioo kwa tochi, kwa pembeni, mashine ikiwa imewaka. Akiona picha hafifu, taa ya nyuma ndiyo imekufa. Kwa mashine kongwe za kabla ya 2009 hivi, taa hiyo huwa ni mrija mwembamba unaolishwa na bodi ndogo iitwayo inveta, na mara nyingi inveta ndiyo huungua wakati kioo ni kizima. Inveta hiyo asiiguse wakati mashine imewaka, inatoa mamia ya volti. Yako ni ya LED, haina inveta.

Sasa kufungua. Tafuta bisibisi ndogo ya nyota, kadi ngumu ya plastiki (kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa), sindano, na kitambaa laini. Zima, chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 20 umeme uliobaki uishe. Hatua ya betri usiiruke hata kidogo. Ukichomoa au kuchomeka waya wa kioo betri ikiwa ndani, pini mbili zikigusana kidogo tu zinaweza kukata fyuzi ya taa kwenye mazabodi. Fyuzi hiyo ni ndogo kama punje ya mchanga, na kuibadilisha kunataka fundi mwenye darubini. Vioo vipya vingi vinavyosemwa "vimekuja vibovu" ni vizima. Fyuzi ndiyo iliyokatika wakati wa kufunga.

Kwenye pembe za fremu ya plastiki kuna vizibo vidogo. Ving'oe kwa sindano, chini yake kuna skrubu. Zikishatoka, ingiza kadi kati ya fremu na kioo, uanze upande wa ndani, ukizunguka taratibu. Vishikizo vitalia "ta, ta", usiogope. Sehemu ikigoma usiivute, rudi uangalie kama umesahau skrubu. Karibu na bawaba fremu huwa nyembamba na hupasuka upesi.

Kioo kimeshikwa na skrubu ndogo, ama za ubavuni ama za masikio ya juu na chini. Zitoe, tandaza kitambaa juu ya kibodi, kisha kilaze kioo kifudifudi hapo. Kishike kingoni tu, katikati usikiminye. Waya umechomekwa upande wa chini mgongoni, juu yake pana utepe. Bandua utepe, kisha telezesha kichwa cha waya sambamba na kioo, ukisukuma masikio yake yote mawili kwa kucha. Ukikinyanyua kuelekea juu unang'oa tundu.

Hapo ndipo utaiona namba. Tuseme imeandikwa LP140WH2-TLS1. LP ni kioo cha LG, 140 ni inchi 14.0, na WH ni pikseli 1366 kwa 768. Ingekuwa WD ingekuwa 1600 kwa 900. Herufi TL zinamaanisha waya wa LVDS (njia ya zamani ya kupeleka picha kwenye kioo), wenye pini 40 kwenye vioo hivi vya LED. TP ni eDP, njia mpya zaidi, ya pini 30, ambayo kwenye T420 haifanyi kazi. Kampuni nyingine zina herufi zao: B ni AUO, LTN ni Samsung, N inayofuatwa na tarakimu ni Innolux. Kioo cha kampuni tofauti kinakubali, mradi mambo matano yalingane: inchi, pikseli, idadi na aina ya pini, upande tundu lilipo, na mahali pa skrubu. Hili la mwisho wengi hulisahau. Kioo kinene cha skrubu za ubavuni na kile chembamba chenye masikio vinaweza kuwaka sawasawa, ila kimoja hakitakaa kwenye kifuniko chako. Piga picha mgongo wote, lebo isomeke, umtumie muuzaji, naye akutumie picha ya mgongo wa kioo chake kabla hujalipa.

Umesema mashine ilikaa sana Lindi mjini, karibu na bahari. Basi angalia pini za waya. Ukiona unga mweupe au ukijani, huo ni kutu ya hewa ya chumvi. Safisha kwa spiriti na mswaki laini, acha pakauke kabisa, kisha rudisha kioo kilekile ujaribu. Huenda ukaokoa hela yako yote.

Ikibidi ununue, kioo kipya kifungwe kati ya vipande viwili vya plaiwudi vilivyokizidi kidogo, na kondakta akiweke ndani, kimesimama. Msimu wa korosho buti la basi si mahali pa kioo.

Kikifika, chomeka waya ukisukuma pande zote mbili kwa usawa, rudisha utepe, kiegemeze kioo bila kukikaza, rudisha betri na uwashe. Kikiwa cheupe tupu, taa ipo ila picha haifiki: waya haujaingia vizuri. Zima, toa betri, chomeka upya. Kikiwa cheusi lakini tochi inaonyesha picha, fikiria ile fyuzi. Picha ikijirudia mara mbili au ikivurugika, pikseli hazilingani na waya. Kikiwaka vizuri, fungua picha nyeupe, halafu nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, utafute nukta zilizokufa wakati bado unaweza kukirudisha.

Zima tena, toa betri, ndipo ukaze skrubu zilezile zilizotoka. Ndefu zaidi itakipasua kioo kwa ndani. Waya uupitishe kwenye njia yake ya zamani, pamoja na nyaya za antena ya Wi-Fi zilizo kwenye kifuniko. Kaza na skrubu za bawaba kama zimelegea. Fremu ibonyeze kuanzia chini, na ikigoma kukaa usilazimishe, kuna waya umebanwa.

Namba ukishaiona nitumie picha yake, nikuulizie huku mjini kabla ya Kariakoo. Nisalimie mama watoto.

Ndugu yako,
Bakari